Mkate wa atta na ulezi wa kulaza usiku, wa kufungulia kinywa

Mkate wa kahawia wa nyumbani umeshikwa na sifa mbaya: mzito kama tofali, unakwaruza koo, watoto wanaubakiza sahanini. Mikate ya namna hiyo ipo, na karibu yote ina kosa lilelile: imekandwa kwa kanuni za unga mweupe. Atta inataka maji mengi kuliko unga mweupe, na inataka muda. Ikipewa hivyo viwili, mkate unatoka laini bila sukari nyingi, bila majarini, na kwa hamira chache kuliko unavyofikiri.

Mwongozo huu ni wa mkate mmoja tu, wa gramu 850 hivi ukishapoa, unaotoa slesi 14 za kawaida. Unakandwa baada ya chakula cha jioni, unalala usiku kucha, unaokwa alfajiri. Unaweza kuokwa kwenye oveni au kwenye sufuria kwa moto wa mkaa, juu na chini.

Kwa nini atta, kwa nini ulezi

Atta ni punje nzima ya ngano iliyosagwa pamoja na pumba zake na kiini chake. Gramu 100 zina nyuzinyuzi gramu 10 hadi 12, wakati unga mweupe una kama gramu 3. Hizo nyuzinyuzi ndizo zinazomfanya mtu ale slesi mbili saa 1 asubuhi asianze kutafuta andazi saa 4.

Ulezi, ambao Kenya huitwa wimbi, unaleta kalisi: kama miligramu 340 kwa kila gramu 100, karibu mara tatu ya maziwa ya ng'ombe kwa uzito uleule. Tatizo la nafaka nzima ni asidi ya fitiki iliyomo kwenye pumba, ambayo hushika madini ya chuma, zinki na kalisi yasifyonzwe vizuri mwilini. Unga ukilowa na kuumuka kwa saa nyingi, sehemu ya asidi hiyo huvunjwa. Kwa hiyo kulaza unga si urahisi wa ratiba tu, ni sehemu ya lishe yenyewe.

Ila ulezi hauna gluteni, ule mnato wa ngano unaoshikilia hewa. Usizidishe sehemu moja kwa tano ya unga wote. Ukifika theluthi, mkate bado unasimama lakini unakuwa mfupi. Ukifika nusu, unapukutika kisu kikiugusa.

Kama nyumbani wamezoea boflo jeupe, usiwashtue. Anza na atta gramu 200, unga mweupe gramu 200 na ulezi gramu 100, upunguze maji kwa mililita 30 hadi 40. Unga mweupe wa viwandani Kenya na Tanzania kisheria huongezwa madini na vitamini, kwa hiyo hapo hujapoteza kila kitu. Baada ya wiki mbili tatu endelea kuongeza atta.

Kuchagua unga

Atta nzuri ina vipande vya pumba vinavyoonekana kwa macho na ina harufu tamu kidogo ya nafaka. Ikiwa na harufu ya rangi ya mafuta au karanga za zamani, mafuta ya kile kiini yameshaharibika, na mkate utakuwa mchungu hata ufanye nini. Nunua ya kutumia ndani ya mwezi au miezi miwili, uihifadhi kwenye chombo kinachofunga vizuri. Ukichekecha kutafuta wadudu au takataka, rudisha pumba kwenye unga. Watu wengi huzitupa hapo bila kufikiri, kisha wanabaki na unga waliolipia bei ya atta.

Ulezi wa sokoni mara nyingi una mchanga. Ukinunua punje, zioshe kwa maji mengi kwenye beseni, uteke ulezi ulio juu kwa mkono na kuuacha mchanga uliozama, kisha uanike mpaka ukauke kabisa kabla ya kupeleka mashineni. Omba usagwe laini, kwa maana ulezi wa chenga husikika kwenye meno kama mchanga ambao hukuuacha.

Jambo moja la kuangalia sana: usitumie unga wa kimea, ule ulezi uliooteshwa kwa ajili ya togwa au pombe. Vimeng'enya vyake hugeuza wanga kuwa sukari, na mkate unabaki kama ugali mbichi katikati hata ukiuoka saa mbili.

Vipimo

Mizani ya jikoni ni bora. Usipokuwa nayo, kikombe hapa ni cha mililita 250, unga ujazwe kwa kijiko bila kushindiliwa.

- Atta gramu 400 (vikombe 3)
- Unga wa ulezi gramu 100 (robo tatu ya kikombe)
- Maji mililita 290, na mengine 30 pembeni
- Mtindi usio na sukari gramu 100 (vijiko vikubwa 6 hivi)
- Chumvi gramu 9 (kijiko cha chai kimoja na nusu)
- Mafuta ya kupikia vijiko vikubwa 1½
- Asali kijiko kikubwa kimoja, au tende 4 zilizotolewa kokwa, zikalowekwa na kupondwa
- Ufuta vijiko vikubwa 2
- Hamira ya chengachenga, kiasi chake kinategemea joto la nyumba yako usiku

Tuseme juu ya hamira, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Pwani, ambako usiku jikoni ni nyuzijoto 27 au 28, robo kijiko cha chai inatosha, na maji yawe ya baridi. Sehemu zenye nyuzi 22 hadi 24, nusu kijiko. Kwenye baridi ya nyuzi 16 hadi 18, kama Nairobi au Mbeya mwezi wa Julai, robo tatu ya kijiko, na maji yawe ya uvuguvugu. Ukitia kijiko kizima Dar es Salaam na kulala, utaamka unga umeumuka, umeshuka, na unanuka pombe. Hamira iliyokaa wazi muda mrefu ijaribu kwanza: nusu kijiko kwenye maji vuguvugu kidogo na chembe ya sukari. Isipotoa povu ndani ya dakika 10 imekufa.

Mtindi una kazi mbili. Unalainisha ndani ya mkate, na uchachu wake unaulinda dhidi ya kuoza kwa nyuzi, ugonjwa wa mikate ya nchi za joto utakaoelezwa chini. Asiyetumia maziwa aweke maji mililita 85 zaidi pamoja na kijiko kikubwa cha siki au maji ya ndimu.

Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe mkate wenye asali, kwa sababu vijidudu vyake hatari haviuawi na kuokwa. Nyumba yenye mtoto mdogo itumie tende.

Usiku

Kama saa 2 usiku, changanya atta, ulezi, mtindi na maji mililita 290 kwenye bakuli kubwa. Usitie chumvi wala hamira. Koroga kwa mwiko mpaka kusibaki unga mkavu, funika, uache dakika 40.

Mwanzoni mchanganyiko utaonekana kama umeharibika: unanata, una mabonge, na ukiuvuta unakatika pale pale. Hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza unga. Usiongeze. Pumba bado ni kavu, na kingo zake ngumu ndizo zinazokata ule mnato. Rudi baada ya dakika 40 uuvute tena kwa vidole viwili: sasa utarefuka kidogo kabla ya kukatika, na rangi itakuwa imekolea kwa kuwa pumba zimeshiba maji. Kama bado ni mgumu kama wa chapati, ongeza yale maji ya pembeni kijiko kwa kijiko. Unga unaotakiwa ni laini kuliko wa chapati na mgumu kuliko wa kalimati, ule unaong'ang'ania mkono kidogo.

Nyunyiza hamira, chumvi, asali au tende na mafuta. Changanya kwa kuminya unga kati ya vidole mpaka vyote vipotee ndani yake. Kisha, badala ya kuukandakanda mezani kwa unga mkavu, loanisha mkono, shika pembe moja ya donge, ivute juu mpaka karibu kukatika, ikunje kuelekea katikati. Zungusha bakuli kidogo, rudia. Mivuto 8 inatosha. Acha dakika 10, rudia mivuto 8, acha dakika 10, malizia duru ya tatu. Kufikia hapo donge limekaza, linaachana na bakuli, na uso wake umeanza kuwa laini.

Funika kwa kifuniko au sahani, si kitambaa kikavu, ambacho hunyonya unyevu na kuacha gamba juu. Kama saa 3 na nusu usiku, nenda kalale.

Alfajiri

Baada ya saa 7 au 8 angalia mambo matatu. Donge limepanda mara moja na nusu hadi mara mbili (lenye ulezi halifiki mara mbili sikuzote, usilisubiri). Pembeni mwa bakuli kuna mapovu madogo madogo. Uso una kinundu, haujabonyea. Harufu iwe na uchachu mwepesi, kama togwa ya siku ya kwanza.

Likiwa limebonyea katikati, limepitiliza kidogo lakini halijapotea. Endelea, ila uumukaji wa pili uwe dakika 25 tu. Likinuka pombe kali na kutawanyika kama uji, mkate wa kusimama hautoki tena. Lipake kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, funika, moto mdogo, dakika 12 upande mmoja na 8 upande wa pili. Unapata mkate bapa wenye uchachu, ambao kwa maharage ni mzuri.

Paka mafuta chombo cha kuokea cha sentimita 23 kwa 13, au sufuria ndogo ya mviringo ya kipenyo cha sentimita 20, na nyunyiza nusu ya ufuta chini na pembeni. Ufuta huo unazuia mkate kushika. Mimina donge kwenye meza iliyopakwa mafuta, ulibonyeze kwa viganja vilivyolowa mpaka liwe bapa lenye upana wa chombo, kisha lizungushe kama unavyokunja mkeka, likikazwa kila mzunguko. Mkunjo wa mwisho uwe chini. Likizungushwa legelege utaona tundu kubwa juu ya kila slesi, na siagi yote inapitia humo.

Loanisha uso, nyunyiza ufuta uliobaki, funika. Pwani ni dakika 40 hadi 50, kwenye baridi saa moja na robo hadi saa moja na nusu. Saa ni ya kukukumbusha tu, kidole ndicho kinachoamua. Kilowanishe, bonyeza pembeni mwa mkate kiasi cha nusu ya ukucha. Alama ikirudi upesi, bado. Ikirudi polepole na kubakiza kibonyeo kidogo, oka. Isiporudi kabisa, umechelewa: oka mara moja wala usiuguseguse tena. Mkate wa atta uingie motoni mapema kidogo kuliko mweupe, kwa sababu kuta zake za hewa ni dhaifu na zikivutwa sana huanguka.

Kuoka

*Oveni.* Iwashe dakika 20 kabla, nyuzijoto 220. Chana mkate mstari mmoja kwa wembe safi, kina cha sentimita moja, la sivyo utapasuka ubavuni unakotaka wenyewe. Oka dakika 15, punguza hadi 190, endelea dakika 25 hadi 30.

*Mkaa.* Tafuta sufuria kubwa nzito na kifuniko cha bati kinachokaa sawasawa. Mwaga ndani mchanga mkavu uliochekechwa, kina cha vidole viwili vya kulala, uupashe moto dakika 20 ukiwa umefunikwa. Mchanga unasambaza joto, bila huo chini ya mkate inaungua kabla juu haijabadilika rangi. Pima moto kwa kuweka chembe ya unga kwenye kisosi cha bati juu ya mchanga: ukiwa kahawia ndani ya dakika 2 au 3, moto umefaa. Ukiwa mweusi ndani ya dakika moja, toa makaa.

Ingiza chombo, funika, kisha palia: theluthi moja ya makaa ibaki chini, theluthi mbili ziende juu ya kifuniko. Wanaopika wali wa nazi wa kupalia wanaijua kazi hii, ila mkate unataka makaa mengi zaidi juu na muda mrefu zaidi, dakika 50 hadi 60. Usifunue dakika 30 za mwanzo. Dakika 10 za mwisho weka kijiti kati ya kifuniko na sufuria, mvuke upate pa kutokea, maana vinginevyo ngozi inabaki rojorojo. Jiko la mkaa liwe nje au mahali penye upepo. Hewa yake ndani ya chumba kilichofungwa inaua, nayo haina harufu ya kukuonya.

Kuiva hakupimwi kwa njiti kama keki, kwani njiti hutoka safi mapema mno. Toa mkate kwenye chombo, ugeuze, ugonge chini kwa kifundo cha kidole. Mlio ukiwa mtupu, kama wa ngoma ndogo, umeiva. Ukiwa mzito, urudishe bila chombo dakika 8. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 95 katikati.

Uweke juu ya waya au vijiti viwili upite hewa chini, na usiukate kabla ya saa moja. Ndani bado wanga unakaza, na ukikatwa wa moto unashikamana na kisu, kisha unakauka haraka kesho yake.

Unapokwenda mrama

Mkate mzito wenye mstari wa unga mbichi chini: haukuumuka vya kutosha, au moto wa chini ulikuwa hafifu. Kwenye mkaa, kwa kawaida ni mchanga ambao haukupata moto kabla.

Umepanda vizuri kisha ukabonyea motoni: umepitiliza uumukaji wa pili, au maji yalizidi. Safari ijayo punguza muda kwanza, maji baadaye. Tumekuta wengi wakipunguza maji moja kwa moja, na wanarudi kwenye lile tofali.

Unapukutika ukikatwa: ulezi umezidi, au unga haukulowekwa.

Hauna ladha na umepanda upesi kupita kiasi: chumvi imesahaulika. Chumvi ndiyo inayozuia hamira isikimbie. Usiiondoe yote kwa ajili ya shinikizo la damu. Kwa kipimo hiki slesi moja ina gramu 0.6 hivi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku kwa vyakula vyote. Ukitaka shuka hadi gramu 6, ila chunga muda.

Siku ya pili au ya tatu ndani kunanata, kunavutika nyuzi, na kuna harufu ya tunda lililoiva mno: hiyo ndiyo kuoza kwa nyuzi. Bakteria wa kwenye nafaka huacha mbegu zinazostahimili kuokwa, na joto la pwani huziamsha. Tupa mkate wote, osha vyombo, pangusa kwa siki, na usiache kutia mtindi au siki mara nyingine. Ukungu nao ni hivyo hivyo: usikwangue sehemu ya kijani ukala iliyobaki, kwa kuwa mizizi yake imeshaingia ndani.

Kuhifadhi na kula

Kwenye mfuko wa kitambaa ndani ya chombo chenye kifuniko, mkate unakaa siku mbili pwani, tatu hadi nne bara. Friji haifai, inaukausha upesi kuliko meza. Friza inafaa: kata slesi kwanza, zifunge, kila asubuhi toa za kutosha uzipashe kwenye kikaango kikavu dakika 2 kila upande. Siku za shule ndiyo njia pekee ya uhakika. Oka Jumamosi, asubuhi za wiki iwe kazi ya kupasha tu.

Mkate peke yake haujatimiza kifungua kinywa. Weka yai la kuchemsha, au maharage yaliyobaki jana, au parachichi lenye ndimu na chumvi kidogo. Siagi ya karanga ni nzuri, ila ikisagwa nyumbani chambua kwanza karanga zilizosinyaa, zenye rangi geni au ukungu, kwani hizo ndizo hubeba sumukuvu, na kukaanga hakuiondoi.

Chai ya majani ikinywewa pamoja na mkate huu huzuia madini ya chuma yasifyonzwe. Mwenye damu ya kutosha hana haja ya kuhangaika. Mjamzito, au mtoto aliyeambiwa amepungukiwa damu, ale slesi zake na papai, chungwa au pera, na chai ije saa moja baadaye.